Hatua Mia Moja Kutoka Kalavati

Sheria pale kijijini zilikuwa tatu, na hazikuwahi kupikika chungu kimoja. Wazee wa ukoo walikuwa na yao, waliyoipokea kwa baba zao na kuitia chumvi kila ilipowafaa. Viongozi wa dini walikuwa na yao, iliyogawa mali ya marehemu mafungu mafungu. Serikali nayo ilikuwa na yake, iliyolala mjini kwenye makabati ya chuma na kufika kijijini kwa barua zenye mihuri. Mtu akishindwa huku alihamia kule, akishindwa kule akapanda gari la asubuhi kwenda mahakamani, na kesi ya mpaka wa futi mbili iliweza kuishi miaka mingi kuliko walioianzisha.

Jambo moja tu liliwakutanisha wote. Ukiuliza shamba la fulani lina urefu gani, mzee wa ukoo, kiongozi wa dini na hakimu wa mjini walijibu sawasawa: tazameni kwenye daftari la baraza la kijiji. Na ndani ya daftari hakukuwa na mita wala futi. Kulikuwa na hatua, na hatua zote zilikuwa za mtu mmoja.

Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Walimwita Mzee Hatua. Alifika pale akiwa na miaka ishirini na tisa, na koleo begani, pamoja na kikosi cha kutengeneza barabara. Kikosi kilipohama yeye akabaki, na mpishi wa kikosi akabaki naye kwa kuwa walishaoana njiani. Wote wawili walikuwa wageni wa kuja, hawana shangazi wala binamu kijiji kizima.

Wakati ule mipaka ilipimwa kwa kamba ya katani, na mwamba ngozi huvutia kwake. Aliyeshika ncha hii alivuta, aliyeshika ncha ile akavuta zaidi, na mwaka wenye mvua nyingi kamba yenyewe ikalowa ikafupika, watu wakavunjana mikono. Baraza likakaa siku mbili kutafuta dawa. Wakaona kwamba kamba huvutwa, mguu hauvutwi. Wamtafute basi mtu mwenye miguu mirefu ambaye si wa ukoo wowote, hana shemeji wala mjomba wa kumpendelea. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo sifa kubwa iliyompatia kazi ilikuwa kwamba hana mtu.

Wakampa na masharti. Asile wala kunywa nyumbani kwa yeyote. Asiwe mshenga, asisimamie ndoa ya mtu, asikae kwenye kibaraza cha mtu zaidi ya salamu, maana leo mnacheka pamoja, kesho unampimia. Na kwa sababu kila mtu pale alikuwa na mpaka, kila mtu alikuwa mwenye kesi ya kesho. Hatua alikubali. Alikuwa kijana, na kijana ukimwambia amepewa heshima hafikirii bei yake.

Siku ya kwanza walimjaribia nyumbani kwake. Wakamwambia apime kutoka kizingiti cha mlango wake hadi kisima alichochimba mwenyewe. Hatua thelathini. Wakamwambia arudie mara tatu, na mara zote ikatoka thelathini barabara, kisigino kikigota ukingo wa saruji. Karani wa enzi hizo akaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kizingiti hadi kisima, thelathini. Toka hapo, miaka thelathini na tisa, akapima mashamba, viwanja, uwanja wa shule na hata makaburi. Alivua kofia, akasimamisha visigino kwenye alama, akaanza na mguu wa kushoto akihesabu kwa sauti. Hakuna aliyekohoa mpaka amalize. Akiulizwa kama ana hakika, jibu lake lilikuwa moja.

"Miguu haikosei."

Nyumbani alikuwa peke yake. Mkewe aliondoka miaka minne iliyopita kwenda kwa binti yao kusaidia kulea mjukuu aliyekuwa amezaliwa. Aliaga kwamba anakwenda miezi mitatu. Mjukuu sasa anaandika herufi. Hawakugombana, hakuna aliyemfukuza mwenzake. Mama wa watu alichoka tu kuishi kwenye nyumba isiyopigwa hodi, na alipoonja nyumba yenye kelele hakuona njia ya kurudi. Alipiga simu kila Jumapili. "Umekula?" "Nimekula." "Nini?" Hapo mzee alitunga chakula, na alikuwa fundi wa kutunga, siku nyingine mpaka na matunda ya kuteremshia.

Basi ikaja kesi ya Mama Cherehani.

Huyu alikuwa mjane wa mwashi, mshonaji, ambaye cherehani yake ilisikika dirishani tangu alfajiri. Mumewe alipofariki, kaka mkubwa wa marehemu, mwenye mashine ya kusagia nafaka, alitaka kiwanja. Akaenda kwanza kwa wazee wa ukoo, akadai kwamba mjane mwenye mabinti tupu hana haki ya kukaa hapo. Wazee wakabishana siku nzima, mwishowe wakasema, huyu ni mke wetu, atakaa. Akakimbilia kwa viongozi wa dini, nao wakafungua vitabu wakasema mjane na mabinti wana fungu lao. Mama Cherehani naye akapanda gari hadi mjini, na mahakama ikampa barua ya kusimamia mirathi ya mumewe. Ameshinda pote patatu. Ni wangapi duniani waliowahi kushinda pote patatu?

Mwenye Mashine hakukata rufaa. Alikuja barazani akiwa ametulia, unga bado upo kwenye nyusi.

"Nimekubali," alisema. "Shemeji achukue kila kitu cha marehemu mdogo wangu. Ila marehemu alipewa na baba hatua mia moja kutoka kalavati, kuifuata barabara. Zilizobaki zangu. Daftari lipo. Tuzihesabu tu, kila mtu ajue pake."

Nani angepinga? Mpimaji alikuwa yule yule aliyepima siku baba yao anagawa, miaka ishirini na saba nyuma. Mawe ya mpaka waliyoyaweka siku ile yalisombwa na greda lilipopanua barabara, na toka hapo ndugu wawili waliishi kwa kuaminiana. Mmoja alipokufa, uaminifu ukazikwa naye.

Hatua alisimama kwenye kalavati, pale maji yanapopita chini ya barabara, akavua kofia, akaanza. Baraza zima likamfuata pembeni. Alihesabu akiangalia mbele, kama kawaida yake, na alipotamka mia moja akasimama. Kigingi kikapigwa. Watu wakakitazama kigingi, halafu wakaitazama nyumba ya mwashi. Nyumba ilikuwa mbele ya kigingi, hatua kumi na mbili nzima, iko yote kwa Mwenye Mashine.

Mama Cherehani alikuwa na tepu yake ya kushonea shingoni. Aliishika kwa mikono miwili.

"Mzee, hesabu tena."

Sheria ya baraza iliruhusu kurudia mara moja. Akarudia. Mia moja ikaangukia pale pale, kando ya kigingi.

"Mume wangu alijenga akiwa na akili timamu," mama alisema. "Na shemeji alikuwa hapa hapa anambebea mchanga. Mzee, una hakika?"

"Miguu haikosei, mama," akasema Hatua, na lilitoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu.

Mwenyekiti wa baraza akasema, baada ya siku saba watakutana kuthibitisha na kugonga muhuri. Asiyeridhika alete ushahidi. Mama Cherehani aliingia ndani, na cherehani haikusikika tena siku ile.

Njiani kurudi, kitu kilimkera Hatua. Mbele ya ile nyumba, mbali kidogo, palikuwa na mwamba umejitokeza ardhini, mkubwa wa kutosha kuanikia nguo. Alikumbuka siku ya mgao, mwashi akiwa kijana, anaupiga mwamba kwa kiganja na kucheka: kaka kapewa udongo, mimi nimepewa mawe, na mwashi atake nini tena? Kama mwamba ulikuwa wake siku ile, mia moja iliishia ng'ambo ya mwamba. Leo imeishia kabla hata ya nyumba. Mwamba hauna miguu, haukwenda popote.

Alifika kwake, akasimama kwenye kizingiti. Njia ya kisimani aliipita kila siku mara nne au tano, lakini mtu hahesabu njia ya kwake. Siku hiyo alivua kofia, peke yake, akahesabu. Thelathini ilimkuta njiani, kisima kikiwa mbele yake kama kinamsubiri. Akaendelea. Kisigino kiligota saruji kwenye thelathini na tisa.

Akarudi mlangoni akahesabu tena. Thelathini na tisa. Akakaa chini kwenye ukingo wa kisima na kofia mkononi. Alikuwa na miaka sitini na nane, na nyonga ya kulia ilianza kumsumbua siku nyingi, lakini nyonga ni ya kupaka dawa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyonga inaweza kula shamba la mtu.

Haikuwa Jumapili, kwa hiyo mkewe alipoona simu yake alishtuka.

"Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kukuuliza kitu. Mwendo wangu umebadilika?"

Nyuma ya mkewe ilisikika sauti ya mjukuu akiimba alfabeti.

"Zamani tukienda safari nilikuwa nakufuata nakimbia," mkewe alisema. "Miaka ile ya mwisho nilikuwa natangulia, halafu nasimama nakusubiri. Hukuona?"

"Tangu lini?"

"Nitajuaje tarehe? Miaka kumi hivi. Labda zaidi."

"Mbona hukuniambia?"

"Mume wangu, wewe ulikuwa unaambilika? Mtu akikuambia jambo unamjibu miguu haikosei. Hata mimi mkeo ulikuwa unanijibu hivyo hivyo." Kisha akauliza, "Umekula?"

"Nimekula," alisema, na safari hii hakutunga chochote.

Kwa siku mbili alikuwa akilipitia daftari kichwani. Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Aliweza kukutajia kiwanja na idadi yake bila kufungua ukurasa. Vipimo vya zamani vilikuwa vizuri mradi asiulizwe kuvirudia. Vya miaka ya karibuni vilikuwa vibovu vyote, na kila kibovu kilikuwa na mtu ndani yake. Kilichomrudia zaidi kilikuwa cha fundi viatu. Miaka tisa nyuma jirani yake alimshtaki kwamba chumba chake kipya kimevuka mpaka. Hatua akapima, chumba kikaonekana kimezidi hatua mbili. Daftari likaandika: amevamia. Fundi akakibomoa mwenyewe kwa nyundo, na toka siku hiyo wenye midomo walimwita Mvamizi, na watoto wake wakawa watoto wa Mvamizi. Hakulalamika popote. Aliendelea kumshonea Hatua viatu na kumpa salamu yake, salamu na basi, kama masharti yalivyotaka. Alifariki miaka miwili iliyopita. Hatua alisimama barabarani mpaka jeneza likapita, akarudi zake.

Siku ya tatu akaenda kwa mwenyekiti, akamweleza yote. Mwenyekiti alikuwa mtu mzito wa mwili na mwepesi wa akili, amekaa kiti kile miaka kumi na sita. Alisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mke wangu."

"Huyo yuko mbali, hana neno." Akainuka, akafunga mlango wa ofisi. "Nisikilize mzee wangu. Ukisimama pale ukasema hatua zako zimefupika, hujamponya mjane mmoja tu. Umefungua kesi zote za miaka kumi kwa siku moja. Majirani waliopatana watashikana mashati. Wazee watasema tuliwaambia, watu wa dini watasema tuliwaambia, mjini watatuandikia barua baraza lifungwe. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi fanya hivi. Siku ya saba useme siku ile ulipoteza hesabu, jua lilikuwa kali. Binadamu hupoteza hesabu. Halafu upime upya, ukivuta mguu kidogo. Nyumba ya yule mama itaingia ndani, Mwenye Mashine atanuna, yataisha. Haki itakuwa imetendeka. Jina lako litabaki."

Halikuwa shauri baya. Ndiyo shida yake. Lingekuwa la kihuni angelikataa mlangoni. Hatua alirudi kwake akajaribu, kutoka kizingiti hadi kisima, akivuta mguu kama alivyokuwa kijana. Safari ya kwanza alifika thelathini na tatu. Ya pili thelathini na moja, jasho likimtoka na nyonga inawaka. Akiuma meno angeweza. Mia moja zingemlaza kitandani wiki mbili, lakini angeweza, na Mama Cherehani angerudi kwenye cherehani yake, na yeye angeendelea kuitwa na kuvua kofia na kunyamaziwa. Hilo la mwisho ndilo alilolipenda, tusifichane. Mtu asiyepigiwa hodi na yeyote alikuwa na saa moja ya wiki ambayo kijiji kizima kilimtazama kikimngoja aseme namba. Wakimwondolea hiyo atabaki na nini? Simu ya Jumapili.

Lakini kila alipovuta mguu alimwona fundi viatu na nyundo yake. Mguu unaovutwa kwa ajili ya mtu una tofauti gani na kamba? Na akiuvuta kwa Mama Cherehani, yule mwingine atabaki Mvamizi hadi mwisho wa dunia, kwenye daftari, kwa wino.

Siku ya saba uwanja wa ofisi ulijaa. Mama Cherehani alikuja na mabinti zake wawili, na waliopita kwake walisema vyombo vimeshafungwa kwenye mashuka. Mwenye Mashine alikaa mbele. Mwenyekiti akafungua kikao, akamkaribisha mpimaji, na akamtazama kwa jicho la kumkumbusha.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hatua hakuvua kofia.

"Sikupoteza hesabu," alisema. "Nilihesabu mia moja na zilikuwa mia moja. Lakini si mia moja zile. Miguu yangu imefupika. Kutoka mlango wangu hadi kisima ni thelathini kwenye daftari, ukurasa wa kwanza. Leo ni thelathini na tisa. Nyumba ya huyu mama iko kwake. Na wote niliowapimia miaka kumi hii, sina hakika na hata mmoja."

Watu walianza kutazamana, kila mmoja akitafuta jirani yake alipoketi.

Mwenye Mashine ndiye aliyesema kwanza. "Mzee kahongwa na machozi."

"Kapimeni kisima," Hatua akamjibu.

Karani, mwanamke mwembamba aliyekuwa na haraka ya kila kitu, alikuwa ameshafunua ukurasa wa kwanza. Akamwomba Mama Cherehani ile tepu ya shingoni, lakini ilikuwa fupi mno. Ikaletwa tepu ya chuma ya fundi seremala. Baraza lote likaondoka kwenda nyumbani kwa Hatua. Kwa miaka thelathini na tisa hakuna mkutano uliowahi kuingia uani kwake tangu ule wa kwanza, na sasa walijaa mpaka kwenye mboga. Wakanyoosha tepu kutoka kizingiti hadi kisima, wakagawanya kwa thelathini, wakapata urefu wa hatua ya kijana. Wazee wa ukoo wakaukagua, watu wa dini wakaukagua, na karani akasema hata mjini watauelewa kwa kuwa sasa uko kwa mita. Wakaondoka wote kama walivyokuja. Hatua alibaki akiinua miche ya mboga iliyokanyagwa.

Mia moja ya kweli iliangukia ng'ambo ya mwamba. Nyumba ikabaki kwa mwenyewe, na muhuri ukagongwa. Jioni Mama Cherehani alikuja hadi langoni kwa mzee, akasimama nje.

"Ahsante," alisema. Kisha akasema, "Siku saba nimefunga vyombo. Wanangu wameniuliza tutalala wapi, sikuwa na jibu. Sijui nikushukuru au nikulaumu, mzee."

"Vyote viwili ni haki yako."

"Basi vyote viwili," alisema, akaenda zake.

Yaliyofuata yalikuwa kama mwenyekiti alivyosema, tena na ziada. Vipimo sitini na tatu vilirudiwa kwa tepu. Waliopata walimshukuru karani. Waliopoteza walijua wa kumtukana. Hatua alilazimika kuwepo kila mahali kuonyesha alikoishia, na alikwenda, akasimama, akaonyesha, akasikiliza. Walipomaliza, mwenyekiti akamwambia, kwa upole, kwamba baraza halitamhitaji tena. Asubuhi zikawa ndefu. Alikuwa akijikuta ameshavaa viatu, amekaa kwenye kiti, hana pa kwenda. Alipowaza kwenda kwa binti yake, mkewe alisema chumba ni kimoja na kitanda ni kile kile analala na mjukuu. Asubiri kwanza, labda mwakani. Hakusema kwa ubaya.

Kiwanja cha fundi viatu ndicho kilichokuwa cha mwisho. Hakuna aliyekidai, kwa kuwa mwenyewe amekufa na jirani aliyemshtaki ameshahama. Hatua alimwomba karani, na karani, kwa haraka zake, akaja na tepu asubuhi moja wakapima wawili tu. Mahali chumba kilipokuwa pote palikuwa ndani ya mpaka, na nafasi ikabaki. Karani akafuta neno "amevamia", akaandika pembeni sahihisho na tarehe, akakimbilia kazi nyingine.

Binti wa fundi viatu, ambaye alifundisha watoto wa chekechea, alikuwa amesimama mlangoni tangu walipoanza. Hatua alimwendea. Alikuwa amepanga maneno njia nzima.

"Binti yangu, nimekuja kusema mbele yako. Baba yako hakuvamia. Nilimpimia vibaya. Nilimvunjia chumba, nikamvunjia jina. Alikufa akiwa hajui."

"Baba alijua," alisema binti.

Hatua alidhani hakusikia vizuri.

"Alijua kabla hujaja kutupimia. Ulikuwa ukileta viatu vyako, anavigeuza, ananionyesha soli. Zamani kisigino ndicho kilikuwa kinakwisha kwanza, akasema huyu anatembea kama mwanajeshi. Baadaye ikawa inakwisha ncha. Akasema, sasa anaburuta, hatua zake zimekatika. Siku uliyopima, ulipoondoka tu, alichukua kamba akapima mwenyewe. Chumba kilikuwa ndani."

"Na akabomoa?"

"Akabomoa. Mama alimgombeza mpaka akachoka. Mimi shuleni waliniita mtoto wa Mvamizi, nikawa narudi nalia, namwambia nenda barazani ukaseme. Hakwenda."

"Kwa nini?" mzee akauliza.

Binti alitazama pale palipokuwa na chumba, penye majani tu sasa.

"Alisema, mwacheni. Mimi nina nyie. Yule ana ile hesabu yake tu, nikimnyang'anya atakaa na nani?" Akaongeza, "Alikuwa akikuita rafiki yangu. Rafiki yangu kaleta viatu, rafiki yangu leo kapita. Sisi tulidhani ni utani wake, maana hatukuwahi kukuona umekaa hapa."

Mzee Hatua alivua kofia. Miaka yote ile alikuwa na rafiki kijijini, na hakuwahi kumwambia lolote zaidi ya salamu.